Kwa Nini Chombo cha Maziwa Kimetundikwa Katika Banda la Wadudu

Kila kijana anayeajiriwa pale bandani kwetu huuliza maswali mawili kabla ya chai ya saa nne. La kwanza, choo kiko wapi. La pili, kwa nini chombo cha maziwa cha Kiborana kimetundikwa msumarini katikati ya masanduku ya wadudu. Swali la kwanza mlijibiwa siku ileile. La pili nililiahirisha, maana jibu lake ni refu na mimi nilikuwa na kazi. Sasa nimestaafu. Kazi sina, kiti ninacho, kivuli cha ukuta wangu mwenyewe hapa mtaani Wabera ninacho, na kalamu nimemnyang'anya binti yangu. Kaeni vizuri.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Vyeo vilikuja vikichechemea, na habari za mshahara mke wangu anazijua kuliko mimi. Nitaandika kazi. Nikijisifu mnivumilie. Mtu aliyeachia shule darasa la nne, akaishia kuwatenganisha wadudu ambao hata mama yao angewachanganya, huyo akijisifu hajaiba kitu cha mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa utingo kwenye lori la Adeer Yusuf. Adeer ndivyo tunavyomwita ndugu ya baba. Sisi ni watu wa mji huu tangu babu zetu walipovua sare za jeshi la Mwingereza wakaambiwa wakae hapa Isiolo. Adeer alipeleka sukari, unga na majani ya chai Merti, akarudi na ngozi, mbuzi na watu. Kazi yangu ilikuwa kupakia, kupakua, kusukuma na kutukanwa. Barabara ya Merti siku hizo haikuwa barabara, ilikuwa mapatano tu kati ya dereva na mawe. Ukipakia maziwa ya ng'ombe Merti, unashusha siagi Isiolo. Ukipakia mayai, unashusha aibu. Lakini mimi nilijua kupakia. Vioo vya taa nilivichomeka katikati ya magunia ya majani ya chai, na sikumbuki kuvunja hata kimoja. Muulizeni yeyote aliyekuwa na duka Merti wakati huo.

Safari moja tulimbeba Daktari Mbithe. Alikuwa mtaalamu wa wadudu wa miti, mwanamke Mkamba, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alikuwa amekaa porini akikusanya wadudu, na sasa alikuwa anarudi na masanduku ya chupa. Tulipofika Isiolo akafungua sanduku moja, akafungua la pili, akazihesabu chupa. Hakuna chupa iliyopasuka.

"Nani amepakia hizi?"

"Mimi, mama."

"Usiniite mama, sijakuzaa. Unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Jina langu, na bei ya sukari."

"Inatosha. Njoo Jumatatu."

Adeer Yusuf alikasirika. "Unaacha lori uende ukachunge mende?"

"Si mende, Adeer."

"Wana miguu sita?"

"Ndiyo."

"Basi ni mende. Nenda salama."

Jumatatu Daktari alinipa sinia lililojaa wadudu waliokauka, wale wanaoitwa wa pembe ndefu, akasema niwapange, wanaofanana wakae pamoja. Nikapanga nikiimba. Wenye pembe ndefu sana nikawaweka kushoto, wenye pembe za wastani kulia. Nikamwita aje aone. Akaangalia sinia, akaketi, akacheka mpaka akavua miwani.

"Adan, umewataliki wote! Hawa ni waume na hawa ni wake zao. Mdudu ni mmoja."

Ndipo nikajua kwamba zile nyuzi mbili za kichwani si pembe bali ni papasi, mdudu anapapasia dunia nazo, na dume huwa nazo ndefu kuliko jike. Kosa hilo kila mtu hulifanya siku ya kwanza. Wengine hulirudia siku ya pili. Mimi sikulirudia.

Daktari alinifundisha kwa miaka, na alifundisha kwa maneno machache. Usiamini ukubwa, alisema, kwa sababu mdudu aliyelelewa katika ukuni mbaya hutoka mdogo, kama mtoto wa mwaka wa njaa. Usiamini rangi. "Rangi ni nguo, Adan. Mvue nguo kwanza." Anzia mkiani, pale mabawa magumu ya juu yanapoishia. Kuna wanaoishia mviringo, kuna wanaoishia kama wamekatwa kwa kisu, kuna wanaoishia na mwiba. Kisha panda mabegani, kisha shingoni. Kichwa kiwe cha mwisho, kwa sababu kichwa kinapendeza na kinadanganya. Pini ipite bawa la kulia, daima kulia. Msiniulize kwa nini, ulimwengu mzima ulipatana hivyo kabla sijaajiriwa. Na ukimshika akiwa hai umsikilize. Wengi wao hulia kwii, kwii, kwa kusugua shingo na mgongo. Mara ya kwanza niliposikia nilimwangusha nikaomba msamaha.

Vifaa vyetu mnavijua, ni vilevile: kioo cha kukuza, kibanio, pini, dawa ya nondo, na dirisha la mashariki. Dirisha ndilo kifaa kikubwa. Mtu akiwaambia anatambua mdudu chini ya balbu, mwacheni aendelee kuongea, nyinyi mwende dirishani.

Hapa Wabera walinitania sana. Tukitoka msikitini Ijumaa mtu ananiuliza, "Adan, mende wazima? Watoto wao je?" Mimi nawajibu wazima, wanakusalimu, wanauliza juu ya paa lako. Halafu siku paa linapoanza kumwaga unga wa mbao, anakuja huyohuyo na kofia mkononi. Nilitibu mapaa mengi katika mtaa huu. Hakuna aliyenitania baada ya hapo, isipokuwa wale wenye mabati juu ya vyuma.

Sasa nifike kwa wale ndugu wawili.

Majina yao ya Kilatini mnayajua, na sitayaandika nikayakosea mkapata la kunicheka. Mimi niliwaita Mkataji na Mla-kuni. Kimo ni kimoja, mwili ni mmoja, papasi ni zilezile. Lakini tabia! Jike la Mkataji hupanda mti mzima ulio hai, akatafuna ganda la tawi mviringo kama anaivisha pete, tawi likakauka, akataga humo. Mti ukivishwa pete za kutosha, unakufa. Dawa yake wakati ule ilikuwa moja: kukata mti na kuuchoma kabla watoto hawajatoka wakaruka. Mla-kuni naye haugusi mti ulio hai. Hula kilichokwisha kufa. Ni mfagiaji tu.

Nguo zao ziko hivi. Mla-kuni ana mgongo wa rangi ya majivu, wenye mistari miwili myeupe, na majivu hayo ni vinyweleo vidogo sana, ukimgusa vibaya vinabaki kidoleni. Mkiani kila bawa lake linaishia na mwiba mwembamba kama ukope. Mkataji ni mweusi, hana majivu, na mkia wake ni mviringo. Ukiwaweka wawili wasafi dirishani, hata Adeer Yusuf angewatenganisha.

Katikati ya miaka ya themanini kulikuwa na kiangazi kibaya. Mnakikumbuka, wengine mlikuwa bado watoto. Wakati huo likaletwa kopo la maziwa ya unga kutoka Biliqo, kijiji cha wafugaji kule upande wa Merti. Ndani kulikuwa na wadudu waliokamatwa kwenye migunga ya kando ya mto Ewaso Nyiro. Askari wa misitu aliyewatuma alisema matawi yanakauka na kuanguka. Tukawamwaga kwenye sinia. Weusi. Hawana majivu. Mkia mviringo.

Afisa wa misitu, Bwana Kirimi, alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikuwa Mmeru mpole aliyependa mambo yaishe.

"Ni Mkataji?"

Daktari akakaa na kioo muda mrefu. "Anafanana na Mkataji."

"Kwangu kufanana kunatosha."

"Kwangu hakutoshi. Mkia huu ni mviringo, lakini siupendi mviringo wake."

"Daktari, tusichezee. Kama ni Mkataji na mvua ikaja tukiwa tunabishana, wataruka na mto mzima utaisha, si Biliqo peke yake. Jumamosi lori la misumeno linaondoka. Nipe neno lako Ijumaa."

Alikuwa na haki, na ndiyo maana ilikuwa ngumu. Kukata ilikuwa hasara, na kutokata kungeweza kuwa hasara kubwa zaidi.

Alipotoka nikalichukua lile kopo nikalitupe. Mtu aliyekuwa utingo haachi kuangalia chini ya chombo. Chini kulikuwa na miguu iliyokatika, vipande vya papasi, na vumbi la kijivu. Nikachovya kidole.

"Daktari, huu ni unga wa mti?"

Akautia chini ya kioo. Akainua kichwa. "Ni vinyweleo."

Na Mkataji hana vinyweleo.

"Kopo limekuja na lori la nani?" akauliza.

"La Adeer Yusuf," nikasema, nikaenda mbio sokoni. Alikuwa mzee sasa, lakini bado alikuwa hamwachii mtu usukani wake.

"Adeer, lile kopo la Biliqo uliliweka wapi?"

"Kwenye sanduku la spana, pamoja na jeki. Nilidhani ni misumari."

Mdudu kusafiri na jeki kutoka Merti mpaka Isiolo! Hapo hata mimi ningefika bila zile nywele chache nilizobaki nazo. Nilirudi nikamwambia Daktari kwamba barabara hiyo inaweza kumvua mdudu kanzu na kumvunja miiba ya mkia vilevile. Daktari akatikisa kichwa polepole. "Inaweza. Lakini inaweza si jibu. Labda wapo Wala-kuni humu, labda wapo na Wakataji. Nataka wazima, Adan, kutoka mti uleule. Na wafike hapa na mikia yao."

Kesho yake alfajiri nilikuwa juu ya magunia.

Biliqo nilipokelewa na Mama Talaso. Alikuwa mjane mwenye mbuzi wengi na subira kidogo, na ile migunga ilikuwa mbele ya boma lake.

"Salaam aleikum, Mama."

"Aleikum salaam. Wewe ndiye wa msumeno?"

"Hapana, mimi ni wa wadudu."

"Wa wadudu ndiye anayemwita wa msumeno." Akanipa chai lakini hakunipa kiti. "Sikiliza. Nyasi imekwisha. Ng'ombe wa hapa wamekwisha. Mbuzi wangu wanaishi kwa maganda ya mbegu za dadacha hii." Dadacha ndilo jina la mgunga huo kwa Kiborana. "Mkikata miti, siku hiyohiyo mnichinjie na mbuzi, msiniachie kazi nusu."

"Mama, nimekuja nione kama kuna haja ya kukata."

"Basi ona. Macho ni yako."

Nikazunguka mti wa kwanza nikitafuta pete. Sikuona pete. Niliona matawi yaliyokufa yakining'inia kwa ganda, na pale yalipovunjikia palikuwa na alama ya panga.

"Nani amekata haya?"

"Sisi. Kiangazi kikizidi tunakata tawi nusu tu, linainama, mbuzi anafikia majani. Shina haliguswi. Anayegusa shina anaitwa mbele ya wazee."

Nikaelewa. Matawi yale hayakuuawa na mdudu. Yalikatwa kwa panga, yakafa, na mdudu akaja baadaye kama mgeni wa arusi. Zilikuwa kuni, ila zilikuwa bado juu ya mti. Lakini Daktari hangekubali hadithi ya kuni, angetaka mkia.

Nikapanda. Miiba ya mgunga mnaijua, sina haja ya kueleza nilishuka na nini. Kwenye tawi bovu nikamkuta wa kwanza: majivu, mistari miwili, na mkiani miiba miwili safi. Nikapiga kelele ya furaha mpaka mbuzi wakakimbia. Nikanyoosha mkono kwa wa pili, na furaha ikaishia hapo.

Wa pili alikuwa mweusi. Hana majivu kabisa. Mzima, anatembea, kwenye mti uleule.

"Mbona umenyamaza?" Mama Talaso akaita kutoka chini.

Kama huyu alikuwa Mkataji, basi ndugu wote wawili walikuwa Biliqo, na lori la misumeno lilikuwa na haki ya kuja. Nikashuka kidogo mpaka penye mwanga, nikamshika kwa vidole viwili, analia kwii kwii, nikamgeuza mkia kwenye jua. Nikaweka kioo.

Miiba miwili. Ilikuwepo, myembamba kama ukope.

"Ni mzee tu huyu!" nikapaza sauti. "Amejisugua akitoka tunduni, amepata upara!"

"Kama wewe," akasema Mama Talaso.

Nikakusanya wengine, wenye kanzu na wenye upara, kila mmoja nikamkagua mkia hapohapo juu. Wote walikuwa na miiba. Pete ya Mkataji sikuiona kwenye mti wowote wa pale, na nilipanda mpaka jioni.

Sasa ikabaki kuwafikisha. Nilikuwa nimekuja na kopo na pamba, na kwa kupakia hakuna wa kunishinda kutoka Isiolo mpaka Moyale. Lakini mwiba wa unene wa ukope! Nilipanga pamba, nikapangua, nikapanga tena. Mama Talaso akanitazama kama mtu anayetazama mtoto akifunga kamba za viatu.

"Hivyo ndivyo mnavyobeba vitu mjini? Kwenye bati, chini, juu ya chuma?"

"Nyinyi mngebebaje?"

Akaingia ndani akatoka na chicho, kile chombo kidogo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, chenye kifuniko na mkanda wa ngozi. "Sisi maziwa hatuyaweki chini. Tunayatundika. Gari likiruka, chicho kinabembea." Akakijaza manyoya laini ya ngamia, akanivisha mkanda shingoni kwa mikono yake. "Hiki kilikuwa cha mama yangu. Ukikipoteza nitakutafuta mpaka Isiolo, na mimi sihitaji kioo kukutambua."

Nilisafiri hivyo, nimekaa juu ya magunia, chicho kifuani, nikikikinga kwa mikono kila lori liliporuka, na liliruka njia nzima. Abiria walifurahi sana na mimi.

"Mzee, unanyonyesha?"

"Ni wa kiume au wa kike?"

"Mfunike, jua kali!"

Na Adeer Yusuf alipochungulia kutoka usukani akaniona, akasema, "Adan, aliyekufundisha kupakia ni mimi, na hivyo sikukufundisha."

Ijumaa baada ya sala niliingia bandani. Bwana Kirimi alikuwa ameketi, kofia mapajani, anasubiri. Nje lori la misumeno lilikuwa limeshapakiwa. Daktari alinitazama na kile chombo kifuani.

"Nimekutuma wadudu, umeleta maziwa?"

Kabla sijajibu, ndani ya chicho kikatoka: kwii.

Akakipokea kwa mikono miwili. Alipofungua kifuniko harufu ya moshi ikajaa banda, maana chombo cha maziwa hufukizwa. "Wadudu hawa wananukia chai," akasema, akaenda nao dirishani. Alimtazama wa majivu. Alimtazama wa upara. Mpaka wote walipokwisha, Bwana Kirimi alikuwa ameshaizungusha kofia yake mara nyingi kuliko inavyopasa.

"Njoo uone mwenyewe," Daktari akamwambia. "Mkiani. Sasa na huyu mweusi. Sasa mtazame huyu aliyekuja na jeki, palepale mwiba unapotakiwa kuwa."

Sasa tulijua pa kuangalia. Kwenye mkia wa yule wa kopo, kwa kioo kikubwa, palionekana vidonda viwili vidogo, pale miiba ilipovunjika. Mviringo ule ulikuwa kazi ya barabara.

"Ni Mla-kuni," akasema Daktari. "Neno langu ni hilo. Washushe matawi yaliyokufa wapikie. Miti ibaki."

Bwana Kirimi akavaa kofia, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Alhamdulillahi, kama mnavyosema nyinyi. Vijana wangu walikuwa hawataki kwenda. Wamesikia huko hakuna hata maji ya kunawa uso." Akatoka nje akawaambia washushe misumeno, nasi tukasikia wakishangilia.

Mvua ilipokuja nilikipeleka chicho Biliqo. Nilikuwa nimekiosha, nimekikausha, nimekifukiza upya. Dadacha zilikuwa zimechipua, na mbuzi wa Mama Talaso walikuwa chini yake na watoto wao, wanakula bila kumshukuru mtu. Mama Talaso alikipokea chombo, akafungua, akanusa ndani, akakirudisha kifuani kwangu.

"Unataka nitie maziwa humu mimi? Kaa nacho. Mtu akiniuliza kiko wapi, nitasema kimeajiriwa serikalini."

Tangu siku hiyo mdudu yeyote kutoka upande wa Merti amefika bandani kwetu kwa chicho, na mkia wake umefika naye. Daktari Mbithe alihamishwa, nikabaki mimi na dirisha, na kwa macho haya sijapeleka mti hata mmoja bure kwenye msumeno. Hilo nalisema kwa sauti kubwa, hata hapa kwenye karatasi.

Siku ya kuniaga mlitaka nikibebe chicho nyumbani kiwe ukumbusho. Nilikataa kwa sababu bado kina kazi. Mkienda Merti, mkishushe kutoka msumarini, mtie manyoya laini, mjivishe mkanda shingoni, na msikubali dereva yeyote akiweke chini hata kama ni wa ukoo wenu. Abiria watawauliza kama mnanyonyesha. Waambieni ndiyo.